Futari ya Nyumba Mbili

Mwanvua aliupa mlango mgongo kila alipommiminia mwanawe chai. Iddy alikuwa na kikombe chake peke yake, cha plastiki, chenye mpini mpana, na kabla sukari haijaingia, kichupa kilikuwa kimeshatoka ndani ya kopo la chumvi, kimeinamishwa, matone yameanguka, kimerudi mahali pake. Mambo yote hayo yalikwisha upesi kama mtu anayepiga chafya. Dawa yenyewe ilikuwa sawa na maji: haina rangi, haina harufu, haina ladha. Mwanvua aliwahi kuionja kwa ncha ya ulimi akaridhika. Kisha alikoroga chai kuliko chai inavyohitaji kukorogwa, kwa sababu mikono yake ilitaka kazi.

Mtu asije akamwita mchawi. Dawa ilikuwa ya Iddy kwa haki, na Daktari Kabemba wa hospitali ndiye aliyeiandika, baada ya vijana wa pakingi ya malori kumleta Iddy kwake amefungwa kwa kamba ya turubai. Ugonjwa ulikuwa na jina refu la Kifaransa, skizofreni, ambalo Mwanvua alilisikia mara moja akaliacha hukohuko hospitali. Nyumbani waliuita "ile kitu". Ile kitu ikimshika, Iddy alisikia wanaume wakimtukana kutoka ndani ya injini za malori, wakimjua kwa jina lake na la bibi yake mzaa mama. Lakini kubwa kuliko yote, ilimwambia kwamba anatiliwa sumu katika chakula. Basi nyumbani kwa mama yake angekaa siku nyingi akila mahindi aliyoyachoma mwenyewe tu, macho yamemtoka, na mama yake akilia jikoni juu ya sufuria iliyojaa.

Alipotoka hospitali mara ile ya kwanza alimeza vidonge, akatulia, akarudi kazini kwa baba yake kufunga maturubai juu ya magari yanayopakia shaba kwenye mgodi wa Mashamba. Halafu akaviacha. Alisema vinamfanya mzito, vinamfunga ulimi, na wenzake wanamcheka anavyotembea. Daktari hakugomba. Alimwandikia matone badala yake, akamwambia wataanza na kidogo na kupunguza ikibidi. Iddy alikichukua kichupa hadi nyumbani kwa adabu zote, akakifungua mbele ya mlango, akamwaga dawa yote mchangani. Karatasi ya daktari ilibaki mezani. Mwanvua aliikunja akaitia kifuani, akaenda duka la dawa karibu na soko, ambako hakuna aliyemuuliza lolote.

Na kwa nini afiche hata kwa mumewe? Kwa sababu ya mdomo wa Musafiri. Musafiri, mtu wa ukoo uliotoka Kasongo, mwenye malori yake na heshima yake msikitini, alikuwa baba mpole kwa kila jambo isipokuwa maneno. Siku moja jirani alitoa shauri palepale barazani, kwamba mtoto anayekataa dawa hutiliwa kwa siri, mbona wengi hufanya. Musafiri alisimama.

"Mu nyumba yangu, hapana!" alisema, sauti ikafika barabarani. "Mutoto yangu haiko panya, bamutilie dawa mu chakula. Bibi mwenye atafanya vile, akamate bitu yake, arudie kwabo."

Alisema *bibi*, yaani mke, na wake alikuwa nao wawili. Mwanvua aliyachukua maneno yale kuwa yake. Alikuwa ameshamtilia mtoto kwa muda wakati ule, na chai aliyokuwa ameishika mkononi ilikuwa ya Iddy.

Iddy alitulia. Hiyo ndiyo kweli, na Mwanvua aliishikilia kweli hiyo kama mtu anayeshika ukuta gizani. Alilala usingizi wa watu. Alioga bila kuambiwa. Alimwambia mama yake kwamba zile sauti zimeondoka zenyewe, labda Mungu amechoka nazo, na Mwanvua alisema alhamdulillahi huku moyo ukimchoma. Ile kitu ilikuwa imesema uongo mwingi, na yeye Mwanvua ameugeuza mmojawapo kuwa ukweli. Hilo alilijua. Lakini alikuwa ameishi miaka na kelele. Mpe mwanamke kama huyo ukimya uone kama atauuliza umetoka wapi.

Ramadhani ikaingia katikati ya mvua, Kolwezi yote ikiwa tope jekundu, na Iddy akasema atafunga. Mwanvua alifurahi, kisha akapiga hesabu ya kijinga. Daktari alisema matone ya asubuhi na matone ya jioni. Asubuhi sasa haina chai. Basi akayaweka yote jioni, katika kikombe kimoja cha kufungulia, na akaona amelimaliza jambo. Hakwenda kumuuliza Kabemba kama mtu anayekunywa dawa ile anaweza kukaa na kiu kutwa nzima juu ya lori, chini ya turubai linalowaka. Angemuulizaje, na daktari naye angemuuliza Iddy?

Tena kulikuwa na desturi ya Musafiri. Baba yake aliitoa Kasongo pamoja na mkeka wa kuswalia: mtoto wa kiume hafuturu nyumba moja akaidharau nyingine. Kwa hiyo kila jioni ya mfungo Iddy alifungua kinywa kwa mama yake, mtaa wa Kasulo, tende na chai, kisha akapanda pikipiki kwenda mtaa wa Manika kwa Nafisa, bibi mdogo wa Musafiri, ambako baba yake aliketi na wanaume wa msikiti, na uji ulimiminwa bakuli kwa bakuli. Mwanvua hakuwa na ugomvi na Nafisa. Walikuwa wakitumiana sambusa na salamu, na kila mmoja aliishi akiamini kwamba mwenzake anapendwa zaidi. Hayo ni ya kawaida.

Iddy alipenda kula kwa Nafisa. Alikula huko hata alipokuwa hali kitu kwa mama yake. Aliwahi kumwambia Mwanvua, bila hila, "Kule kwa mama mudogo roho yangu inatulia. Kule hakuna mutu mwenye ananichunga nikikula." Mwanvua akamjibu kwamba ni vizuri.

Mfungo haukufika nusu, shingo ya Iddy ikaanza. Alikaa kwenye kigoda jikoni, kichwa kikavutwa kidogo upande wa kushoto, akakirudisha kwa mkono, kikavutwa tena. Mate yalimkusanyikia pembeni mwa mdomo. Uso ulikuwa umekauka kama umepigwa plasta.

"Mama, shingo inanikamata. Inageuka yenyewe. Na miguu haitaki kukaa."

Mwanvua alimwangalia. Aliyajua yale. Ndiyo mambo yaleyale yaliyomfanya avikimbie vidonge, ila sasa yalikuwa makubwa. Na kulikuwa na mtu mmoja tu katika Kolwezi nzima aliyeweza kumwambia Iddy yanatoka wapi.

"Ulilala mubaya, mutoto yangu," alisema. "Kunywa chai, itapita."

Akampa kikombe. Mimi sitamtetea hapo. Wala yeye mwenyewe hakujitetea baadaye. Alikuwa amepunguza tone moja au mawili, kwa hofu, akajiambia kwamba amefanya la busara.

Siku chache baadaye vijana wa pakingi walimleta tena, mchana, lakini safari hii hawakuhitaji kamba. Walikuwa wamemkuta chini ya lori, amelala chali, amekauka. Mkono wake ukiinuliwa ulibaki umeinuka. Mwili ulikuwa moto, jasho linamtiririka mpaka shati limegandamana na mgongo, naye alitamka maneno yasiyoungana. Kila mtu alisema malaria imepanda kichwani. Mvua ilikuwa nyingi, mbu wengi, na malaria haihitaji kutafutiwa ushahidi. Mwanvua naye alisema malaria, tena kwa sauti kubwa kuliko wote.

Hospitalini walimlaza kwenye kitanda karibu na dirisha. Walimpima damu, wakamtundikia maji, wakamfunika kwa mashuka yaliyoloweshwa. Musafiri alikuja na viatu vyenye tope, tasbihi mkononi, akasimama upande wa miguu. Iddy alianza kujinyonganyonga, akitaka kushuka kitandani, mguu mmoja mgumu kama gogo ukigonga chuma. Godelieve, muuguzi wa siku nyingi, alimtambua.

"Huyu ni ule wa ile mwaka, wa crise ya kichwa," alimwambia Daktari Kabemba. "Crise yake imerudia. Tumutulize, docteur? Atajiangusha."

Alikuwa ameshaandaa sindano. Hakukosea kwa alichokijua. Mgonjwa wa akili anayepigana na kitanda hutulizwa, na hicho ndicho alichofundishwa. Kabemba alikuwa akiinama na kuupinda mkono wa Iddy kwenye kiwiko, akiachia, akiupinda tena. Karatasi ya vipimo ilikuwa imesema hakuna malaria.

"Ngoja kwanza," alisema. Akawageukia wazazi. "Kuna dawa yenye anakunywa? Ya kichwa? Yeyote?"

"Hapana," alisema Musafiri upesi. "Alikatalaka dawa zamani, docteur. Unajua. Hakunywe kitu."

Kabemba akashusha pumzi. "Kama hakunywe kitu, basi ni ugonjwa yenyewe njo unamukaza hivi. Tutamupa."

Muuguzi akaiinua chupa ndogo ya kioo alimovuta dawa ya sindano, ili daktari aione. Mwanvua hasomi haraka, lakini jina lile alikuwa amelisoma kila jioni mbele ya kopo la chumvi, herufi kwa herufi, akiogopa kukosea chupa. Lilikuwa lilelile. Walikuwa wanataka kumwongezea mwanawe kilekile kilichomo ndani yake.

Aliyaona mambo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza ni macho ya Iddy. Mwili ulikuwa umefungwa, lakini macho yalikuwa wazi na yanahama kutoka uso hadi uso, alikuwa anasikia. La pili ni Musafiri na neno lake la barazani. Akinyamaza, ana mume, na mtoto anayemwita mama. Akisema, huenda asubuhi asiwe na hata mmoja. Alishika chuma cha kitanda.

"Musimutie," alisema.

Godelieve akamtazama.

"Musimutie ile. Iko nayo mu mwili." Sauti ilikuwa ndogo, akailazimisha. "Ni mi. Ni mi njo nilikuwa namutilia mu chai yake. Gouttes. Toka mbele ya mufungo kuanza."

Mgonjwa wa kitanda cha pili aliacha kukohoa. Kabemba alimwomba muuguzi aweke sindano chini, akauliza ni matone mangapi, lini, kwa namna gani, na Mwanvua alijibu lote, la asubuhi kuunganishwa na la jioni, la shingo, la kiu. Hakuthubutu kumtazama Musafiri. Akamtazama Iddy, kwa sababu alijiambia kwamba hilo ni deni lake.

Iddy alikuwa anahangaika kutoa kitu mdomoni. Ulimi ulikuwa mnene. Mwanvua aliinama.

"Nilisema," alisema Iddy. "Nilikuambia mara mingi. Ukaniambia mi ni mugonjwa."

Mwanvua alilia hapo, si kilio cha kujionyesha, kile kinachotoka na kamasi.

Kabemba alimpeleka barazani pamoja na mumewe. Alikuwa mtu asiyepandisha sauti, na siku hiyo ingekuwa nafuu kama angepandisha. Aliwaambia kwamba jambo hili hutokea mara chache, lakini likitokea huua: mwili unakaza, homa inapanda, misuli inajiharibu, mkojo unakuwa mweusi kama kahawa na figo zinasimama. Linaweza kumpata hata mtu aliyepewa kipimo halali. Kiu na jua na kazi ngumu hulisogeza. Tiba yake ya kwanza ni kuisimamisha dawa, kisha maji, kisha kungoja.

"Dawa haiko mubaya, mama," alisema. "Ilimusaidia, unaona mwenyewe. Lakini mutu mwenye hajue anakunywa nini, hawezi kutuambia kama kinamuumiza. Shingo yake ilisema. Mi ningesikia, ningesimamisha siku ile ile."

Mwanvua aliitikia kila neno. Musafiri alisimama ameinamisha kichwa, tasbihi imekwama kwenye punje moja. Hakutamka talaka. Mwanvua alidhani ni hasira iliyomkaba, akaiogopa. Laiti ingekuwa hasira.

Usiku ulipita, na mchana uliofuata Iddy alikuwa hai, lakini homa ilikataa kushuka kama Kabemba alivyotaka. Alikuja, akapinda mkono, akaangalia mkojo, akakunja uso.

"Kwa kipimo chenye mama ameniambia," alisema, kama anayejisemea, "naona homa hii ni mingi sana. Ni paka ile chai tu? Hakuna pengine?"

"Paka ile tu," alisema Mwanvua. "Naapa kwa Mungu."

Daktari akamtazama na Musafiri, na Musafiri akasema anakwenda kuswali.

Jioni karibu na adhana, Nafisa akaingia. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye haya, na alikuja na chupa ya chai ya kubebea iliyojaa uji wa mtama, amefunga khanga kichwani vibaya kwa haraka. Alimkumbatia Mwanvua, akalia naye. Hakuna aliyekuwa amemweleza zaidi ya "Iddy anaumwa sana". Alisema amewaletea cha kufungulia, na hiki kidogo, katika bakuli la kifuniko, ni cha Iddy mwenyewe, jinsi anavyokipenda, chenye tangawizi.

Kabemba alikuwa ameruhusu kijiko kimoja kimoja, kama ataweza kumeza. Na Iddy, tangu asubuhi, alikuwa amekataa kila kijiko kilichotoka mkononi mwa mama yake. Aliuma meno tu. Sasa alipomwona Nafisa macho yake yalilegea kidogo. Akafungua mdomo. Mwanvua aliona wivu, akaona aibu ya wivu wake, kisha akashukuru: na ale, hata kama si kwangu. Alikishika kichwa cha mwanawe kutoka nyuma ili Nafisa amlishe vizuri. Nafisa akachota.

"Wacha!"

Musafiri alikuwa mlangoni. Alivuka chumba kile kwa namna ambayo mzee wa umri wake hatembei, akapiga mkono wa Nafisa, kijiko kikaruka, uji ukamwagika juu ya shuka jeupe na juu ya kifua cha Iddy. Bakuli likabingirika chini ya kitanda. Godelieve alikimbia kutoka upande wa pili.

"Musimupe ile uji," alisema Musafiri. Alikuwa anahema. "Musimupe."

Nafisa alijishika mkono uliopigwa. Hakuelewa, na ndiyo maana alisema kweli yote bila kuipamba. "Lakini njo wewe uliniambia, tata Iddy. Kila siku nimutilie mu uji yake. Ulisema mama yake amemuachilia, hamupe dawa, na atatupatisha haya mbele ya batu. Njo chupa yenye ulileta wewe. Sasa anaumwa, nilifikiri ni sasa njo inafaa zaidi."

Mwanvua hakuachia kichwa cha mwanawe. Alisikia maneno ya Nafisa, kisha ya Musafiri akikiri, yanaingia moja moja. Musafiri alikuwa ameipiga picha karatasi ya daktari kwa simu, siku ileile ilipokuwa mezani. Alikuwa amenunua kichupa chake duka jingine. Alikuwa amesimama barazani na kuapa mbele ya watu, na watu wakamsifu kwa kiapo kile, na siku mwezi ulipoandama akampelekea bibi mdogo dawa kwa sababu wanaume wa msikiti walikuwa wanakuja kula na mtoto angeweza kupiga kelele. Na jana, mbele ya daktari, alimwacha Mwanvua asimame peke yake na kosa ambalo nusu yake ilikuwa ya Musafiri.

Angeweza kumrarua. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakazimika. Lakini Iddy alikuwa anazungumza, na kwa kuwa kichwa chake kilikuwa mikononi mwake, aliisikia sauti ikipita mifupani kabla ya kuisikia hewani.

"Na kule?" alisema Iddy. Alimtazama Nafisa, si baba yake. "Mama mudogo. Na kule?"

Nafisa akajifunika uso.

Iddy hakufa. Sasa daktari alijua alichokuwa anapigana nacho, akamtundikia mgonjwa maji, usiku na mchana, na figo zikasimama ukingoni zikarudi. Mwili ulimlegea polepole, kwanza taya, kisha mikono. Idi ilimkuta bado kitandani. Musafiri alileta kanzu mpya, akaitundika kwenye msumari, ikakaa pale mpaka siku ya kutoka bila kuguswa. Hakumwacha Mwanvua wala Nafisa. Mtu aliyevunja kiapo chake mwenyewe angemfukuza nani? Alipunguza kusema. Barazani akawa anawaachia wengine nafasi.

Kabemba alimwambia Iddy, peke yake, mlango umefungwa, kila kitu: alipewa nini, na nani, kiasi gani, na kwa nini kingemuua. Kisha akamwambia kwamba ile kitu itarudi, na itarudi mapema kwa sababu itabidi wangoje majuma kadhaa mwili usafike. Baada ya hapo angependa kujaribu dawa nyingine, kidogo sana, huku akimpima mara kwa mara, lakini uamuzi ni wake Iddy. Mwanvua aliyajua haya kwa sababu Iddy mwenyewe alimwambia, kwa ufupi, kama mtu anayempa jirani habari.

Na ile kitu ikarudi. Majuma yale ya kungoja yalikuwa mabaya kuliko yote aliyoyaona. Iddy alitembea uani akibishana na injini za malori yanayopita mbali, akiziba masikio. Mwanvua alikaa jikoni, mikono mapajani. Vile vichupa viwili vilikuwa vimekwenda kwa daktari, lakini haja ya kufanya kitu haikuwa imekwenda popote, ilimwasha vidoleni. Hakufanya kitu. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kuzifanya kwa mtoto yule, na hakuna aliyeiona.

Siku ilipofika Iddy alikwenda hospitali kwa miguu, peke yake. Alirudi na vidonge, akavimeza mbele ya Mwanvua kwa maji aliyoyateka bombani mwenyewe, kisha akafungua mdomo wazi na kuinua ulimi, ili aone kwamba hakuficha. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Alikuwa anamwonyesha tu jinsi mambo hayo yanavyofanywa. Aliposikia mikono inatetemeka aliirudisha habari kwa Kabemba keshoye, na Kabemba akapunguza. Sauti zilififia. Haziondoki kabisa, alisema, ila zimekwenda kukaa nyumba ya pili.

Lakini chakula cha Mwanvua hakukigusa tena. Alinunua mbabula, jiko lake la makaa, na sufuria yake ndogo, akawa anapika bukari, ugali wake, nyuma ya nyumba, lenye madonge, na samaki wa kukaanga. Sufuria aliilaza chumbani kwake. Kwa Nafisa hakurudi kabisa. Mwanvua alipika kila siku chakula cha watu watatu, na kila siku kikabaki cha mmoja, kwa sababu mkono wake ulikuwa umezoea kipimo kile.

Mvua zilikuwa zimekwisha na vumbi limeanza, Iddy alipomwita. Jua lilikuwa bado halijazama. Alikuwa amepika, na karibu na mbabula kulikuwa na sahani mbili.

"Mama, kuya tukule."

Mwanvua alikuja akijifuta mikono, haraka mno, akaogopa kwamba haraka yake itamfukuza. Akaketi mkekani. Walinawa kwa birika moja. Kwenye sahani yake kulikuwa na bukari na sombe, yaani kisamvu, iliyoungua kidogo, na Iddy mwenyewe ndiye aliyempakulia. Moyo ulimjaa. Alimega tonge, akalichovya, akaliinua.

Iddy alikuwa ameacha kutafuna. Alikuwa anautazama mkono wa mama yake.

Na mkono ukasimama. Mwanvua hakuuambia usimame. Ulisimama wenyewe, karibu na mdomo, kwa muda mfupi kama wa kupepesa jicho, huku mawazo yakimpitia kwamba sahani zilipakuliwa yeye akiwa ndani, na kwamba hakuona.

"Unaona?" alisema Iddy. Hakukuwa na ubaya wowote katika sauti yake. "Njo vile inakuwa. Kila tonge, mama."

Mwanvua alilitia tonge mdomoni. Akala lote, sombe na madonge na yaliyoungua, machozi yakimshuka, bila kuinua kichwa. Alipomaliza, Iddy alikuwa ameshasimama na sahani yake mkononi, anakwenda kula upande wa pili wa nyumba.